Kufunguliwa Mlango na Kutakaswa Jina



Katika Sura Yusuf mna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio, kwa kuwa macho yao yanakimbilia mwisho wa kisa, pale ndugu wanapokutana na mzee Yakubu a.s. anaporudishiwa furaha yake. Jambo lenyewe ni hili. Mfalme wa Misri ameota ndoto, wakuu wake wameshindwa kuieleza, na kijana mmoja aliyesahauliwa gerezani kwa miaka kadhaa ameieleza. Mfalme aamuru aletwe. Mjumbe afika mlangoni mwa gereza na amri mkononi. Na mfungwa akataa kutoka.

Hakukataa kwa kiburi, wala kwa kuipenda jela. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake na swali: wale wanawake waliojikata mikono, habari yao ni ipi? (12:51). Maana yake ni kwamba kwanza kesi yangu ichunguzwe. Nikitoka, nitoke nikiwa mtu asiye na hatia, siyo mtu aliyehurumiwa kwa sababu anajua kufasiri ndoto. Mfalme akawaita wanawake, wakashuhudia kwamba hawakujua ubaya wowote juu yake, na mke wa Aziz mwenyewe akakiri. Ndipo Yusufu a.s. akatoka.

Yafaa kutaja hapa kwamba Biblia, katika kitabu cha Mwanzo mlango wa 41, yatueleza tu kwamba Yusufu alitolewa upesi, akanyoa, akabadili nguo, akaingia kwa Farao. Habari ya kudai uchunguzi haimo. Mara kwa mara hutokea watu wakadai kwamba Kurani Tukufu ilinakili visa vya Biblia. Mtu huyo na atuonyeshe Kurani ilinakili wapi sehemu hii, ambayo ndiyo moyo wa kisa kwa upande wa haki. Lakini leo sikukusudia mjadala huo. Nakusudia swali ambalo wanafunzi wangu chuoni huniuliza karibu kila mwaka tunapofika kwenye aya hii: Kulikuwa na haja gani? Mlango umefunguliwa, si angetoka, kisha akajieleza akiwa nje?

Ni swali la haki, nalo si la zamani tu. Duniani leo wako watu waliohukumiwa kufa kwa makosa ambayo hawakuyafanya, wakakaa miaka mingi wakingoja kitanzi au sindano ya sumu, kisha ikadhihirika kwamba hawana hatia. Nchini Marekani peke yake, kufikia mwaka 2024, hesabu ya watu waliohukumiwa kufa tangu mwaka 1973 na baadaye wakaondolewa hatia ilifika 200. Hao ni wale ambao ukweli wao ulifika kabla ya mnyongaji. Wengine ukweli uliwafikia kaburini: huko Uingereza, Timothy Evans alinyongwa mwaka 1950 kwa kifo cha binti yake mchanga, na ikaja kujulikana kwamba katika nyumba ile ile aliishi mtu aliyekuwa akiua watu. Alisamehewa mwaka 1966, miaka 16 baada ya kuzikwa.

Sasa hebu tutazame maisha ya mtu mmoja wa zama zetu, tupate kujua Yusufu a.s. alikuwa anadai nini.

Iwao Hakamada alikuwa bondia huko Japani, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha miso, yaani kile kiungo cha soya iliyochachushwa ambacho Wajapani hulia chakula. Mwaka 1966 mkuu mmoja wa kiwanda hicho, mkewe na watoto wao wawili waliuawa kwa kisu na nyumba yao ikachomwa moto. Polisi walimkamata Hakamada. Walimhoji kwa muda wa siku ishirini na kitu, saa nyingi kila siku, mpaka akakiri. Mahakamani alikana. Polisi walileta karatasi 45 za kukiri kwake. Mahakama yenyewe ilizitupa 44, ikapokea moja. Msomaji na atafakari: kisima ambacho ndoo 44 zimetoka na sumu, ni nani atakayeinywa ndoo ya 45 kwa raha? Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji zikapatikana nguo zenye damu ndani ya pipa la miso pale kiwandani, na ikasemwa kwamba ni zake. Mwaka 1968 alihukumiwa kufa. Katika rufani alipopewa suruali aivae, haikumwingia. Hata hivyo mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo.

Huko Japani mtu aliyehukumiwa kufa haambiwi siku yake. Huambiwa asubuhi ile ile. Kwa hiyo kila asubuhi, nyayo za askari zinapopita nje ya chumba, mfungwa husikiliza zitasimama wapi. Hakamada alisikiliza nyayo hizo kwa miaka mingi mno, na akili yake ikaondoka kidogo kidogo. Mwezi Machi 2014 mahakama iliamuru kesi yake isikilizwe upya, na jaji akamtoa siku hiyo hiyo. Alikuwa amefungwa karibu miaka 48.

Mlango ulifunguliwa. Lakini waendesha mashitaka walipinga. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya Tokyo ikaifuta amri ya kusikiliza kesi upya. Jambo likapanda, likashuka, likapanda tena. Kwa miaka kumi mzee huyu alikaa nyumbani kwa dada yake, Hideko, huku katika vitabu vya serikali akiwa bado ni mtu wa kunyongwa. Alikuwa akizungukazunguka ndani ya nyumba kama mtu aendaye huku na huku ndani ya chumba cha jela. Ndipo tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ya Shizuoka ikatamka kwamba hana hatia, na zaidi ya hayo kwamba ushahidi dhidi yake, zikiwemo zile nguo, ulikuwa umetengenezwa na wachunguzi. Hakamada alikuwa na umri wa miaka 88, na hakuweza hata kufika mahakamani. Dada yake wa miaka 91 alisimama badala yake. Baadaye mkuu wa polisi wa Shizuoka alikwenda nyumbani kwao akainama mbele yake kuomba radhi. Mwaka 2025 iliamuliwa alipwe fidia ya yeni zaidi ya milioni 217, ambazo ukizigawa ni yeni 12,500 kwa kila siku aliyofungwa.

Sasa rudi kwenye swali la wanafunzi wangu. Tangu 2014 hadi 2024 Hakamada alikuwa nje. Alikuwa akila, akilala, akitembea mitaani. Kwa nini basi dada yake, ajuza wa miaka tisini, aliendelea kupanda ngazi za mahakama? Kwa sababu mtu haishi kwa mwili tu. Jina lake nalo ni sehemu yake. Mungu amempa binadamu heshima, na Mtume Mtukufu s.a.w. katika hotuba yake ya Hija ya mwisho aliiweka heshima ya mtu katika safu moja na damu yake na mali yake. Aliyeibiwa mali haambiwi, “Shukuru kwamba hukuuawa.” Aliyenyang'anywa heshima naye asiambiwe, “Shukuru kwamba hukunyongwa.”

Nijuavyo mimi, hakuna jambo linaloonyesha upotovu wa mizani hii kuliko kisa cha ndugu yetu wa Uganda, Edward Edmary Mpagi. Mwaka 1982 alihukumiwa kufa kwa kumwua mtu. Alikaa katika gereza la Luzira miaka zaidi ya 18, pamoja na binamu yake aliyehukumiwa naye, ambaye alifia humo humo gerezani. Na yule aliyesemwa kuwa ameuawa alikuwa hai! Alikuwa akitembea juu ya ardhi, akila na kunywa, wakati watu wawili wakingoja kunyongwa kwa ajili ya kifo chake. Mwaka 2000 Mpagi alitoka. Alitoka kwa njia gani? Kwa msamaha wa Rais.

Msamaha! Alisamehewa nini? Alisamehewa kumwua mtu ambaye hajafa. Sisemi neno hili kwa kumdharau aliyeutoa msamaha huo, kwani bila msamaha huo huenda mtu huyu angefia Luzira kama binamu yake. Nasema juu ya neno lenyewe. Katika lugha zote ninazozijua, anayesamehe ni yule aliyekosewa, na anayesamehewa ni yule aliyekosa. Hapa aliyekosewa alipigishwa magoti ili aliyemkosea amsamehe. Mambo yamepinduliwa, miguu juu kichwa chini.

Huko Arkansas, Marekani, walifanya jambo la ajabu zaidi. Vijana watatu walihukumiwa mwaka 1994 kwa mauaji ya watoto watatu. Mmoja wao, Damien Echols, alihukumiwa kufa. Miaka ilipopita na ushahidi ukaporomoka, mwaka 2011 serikali iliwapa njia ya kutoka: watamke mahakamani kwamba wanakubali kuhesabiwa wenye hatia, huku wakiruhusiwa kusema kwa vinywa vyao kwamba hawana hatia. Wakatamka, wakatoka siku hiyo. Mlango ulifunguliwa wazi kabisa, na jina likaachwa ndani.

Je, tuwalaumu vijana hao kwa kuwa hawakufanya kama Yusufu a.s.? Hapa ndipo napenda msomaji aone upole wa Bwana wetu Muhammad s.a.w. Katika Bukhari imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimtaja Yusufu, kisha kwa unyenyekevu mkubwa akasema kwamba lau yeye angekaa gerezani muda aliokaa Yusufu, basi angemwitikia yule mjumbe. Sifa kwa Yusufu imo ndani ya maneno hayo, na huruma kwa wafungwa wote imo pia. Daraja aliyosimama Yusufu ni ya juu. Asiyeweza kuisimamia, na mama yake yuko hai nje akimngojea, asihukumiwe na sisi tuliolala vitandani mwetu. Lawama ni ya yule anayemwekea mtu njaa mkono mmoja na aibu mkono wa pili, kisha akamwambia achague.

Mtafutaji wa dini, hasa aliyelelewa katika kanisa, huwa na swali lingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: Mungu alikuwa wapi? Kama Yeye ni Mwenye kusikia na Mwenye kuona, kwa nini alimwacha asiye na hatia miaka 48? Na upande wetu sisi Waislamu liko jibu baya ambalo nimelisikia mara nyingi, tena likitolewa kwa sauti ya uchaji: “Ni kudura ya Mungu.” Wanasema hivyo, kisha wanakunywa chai yao.

Kisa cha Yusufu chalikataa jibu hilo. Mwenyezi Mungu hakuwaacha watu wa nyumba ile bila ushahidi. Kanzu ilikuwa imechanwa kwa nyuma, na shahidi wa jamaa ile ile ya mwanamke alikwisha kueleza kwamba ikiwa imechanwa kwa nyuma basi mwanamke ni mwongo (12:27-29). Bwana wa nyumba aliiona kanzu kwa macho yake, akamwambia mkewe aombe msamaha kwa kosa lake. Kisha nini? Kurani yasema kwamba baada ya kuziona dalili hizo ndipo walipoona wamfunge kwa muda (12:36). Tafadhali isome aya hiyo polepole. Alifungwa baada ya dalili kuonekana, wala siyo kabla. Kanzu ya Yusufu ilikuwa mezani, na suruali ya Hakamada isiyomwingia ilikuwa mezani. Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu Hakamada, Norimichi Kumamoto, ambaye ndiye aliyeiandika hukumu yenyewe, alitangaza hadharani mwaka 2007 kwamba tangu mwanzo aliamini mtu yule hana hatia, ila wenzake wawili walimshinda kwa kura. Aliiacha kazi ya ujaji mapema. Hivyo nuru ya Mungu ilikuwamo ndani ya chumba cha mahakama. Waliofumba macho ni watu. Basi anayesema “ni kudura” anamtwika Mola dhambi za polisi.

Ni kweli kwamba sisi twaamini maisha ya baadaye, na kwamba hakuna saa hata moja ya mateso ya Hakamada itakayopotea katika hesabu ya Mungu. Lakini imani hiyo ni faraja ya aliyedhulumiwa. Haikuwekwa iwe mto wa kulalia aliyedhulumu. Mtume s.a.w. aliwaonya watu waliomletea mashitaka kwamba yeye ni binadamu, kwamba huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa kadiri alivyosikia. Na kwamba aliyepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo amepewa kipande cha Moto. Ikiwa Mtume wa Mungu alikiri mbele za watu kwamba hukumu yaweza kupotoshwa na ulimi wa shahidi, hakimu wa leo anayeona haya kuifungua upya kesi iliyokwisha amejiweka daraja gani?

Na kwa ajili hiyo sheria ya Islam, ingawa haikuifuta adhabu ya kifo, iliizungushia ua. Adhabu kubwa huondolewa palipo na shaka. Katika mauaji, jamaa za aliyeuawa wamefunguliwa mlango wa kusamehe (2:179). Na imepokewa kwamba kiongozi akikosea katika kusamehe ni afadhali kuliko kukosea katika kuadhibu. Mimi naona kwamba serikali ambayo haiko tayari kuyatimiza masharti haya haina haki ya kuishika adhabu yenyewe kwa jina la dini.

Sasa nije kwenye habari ambayo kila Mwahmadiyya anaijua, lakini mgeni huenda hajaisikia. Mwaka 1897, katika Punjab, padre mmoja mganga, Dkt. Henry Martyn Clark, alimshitaki Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, kwamba amemtuma kijana aitwaye Abdul Hamid amwue. Kijana mwenyewe alitoa ushahidi huo. Shitaka la kupanga kuua si mchezo, na waliotamani kumwona amefungwa pingu walikuwa wengi, wa dini zote. Kesi ikafika mbele ya Kapteni Douglas, hakimu wa wilaya ya Gurdaspur, Mwingereza na Mkristo. Ushahidi ulikuwa umekamilika kwa sura yake, lakini moyo wa hakimu haukutulia. Akatazama akaona kwamba shahidi huyu, muda wote, anakaa katika mikono ya wamisheni wale wale wanaoshitaki. Akaamuru aondolewe kwao, akabidhiwe afisa wa polisi. Basi! Hakufanya zaidi ya hapo. Kijana alipotoka katika mikono ile, alianguka miguuni akilia, akasema kwamba alifundishwa yale maneno. Tarehe 23 Agosti 1897 Kapteni Douglas alimwondolea Seyidna Ahmad a.s. hatia yote.

Nimeziangalia kesi nyingi za siku hizi za watu waliohukumiwa bure, na nimeona kwamba karibu kila moja ilikuwa na saa yake ambapo ilitosha kumhamisha shahidi kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, au kumwacha mshitakiwa alale usiku mmoja bila kuhojiwa. Ilikuwa ni kazi ndogo tu, na haikufanywa.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka hasa. Hakimu alimwambia Seyidna Ahmad a.s. kwamba sasa anayo haki ya kumshitaki Dkt. Clark. Naye akajibu kwamba hataki. Shauri lake liko mbinguni. Angalia utaratibu: kwanza ametakaswa mbele ya watu, kisha haki yake ya kushitaki imetamkwa na mwenye mamlaka, halafu yeye mwenyewe, kwa hiari, akaiacha. Ndivyo alivyofanya Yusufu a.s. pia. Neno lake kwa ndugu zake kwamba leo hakuna lawama juu yao (12:93) halikutoka shimoni walikomtupa, wala gerezani. Alilitamka akiwa ametakaswa, na wao wamekwisha kukiri. Msamaha ulitembea katika njia yake sahihi, toka kwa aliyekosewa kwenda kwa aliyekosa.

Tofauti yetu na mafundisho ya shavu la pili iko hapa. Kurani yasema kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, lakini anayesamehe akaleta masikilizano, ujira wake uko kwa Mungu. Na mara ikaongeza kwamba anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama (42:41-42). Na mahali pengine, ambapo maneno mabaya ya hadharani yanakatazwa, amebaguliwa aliyedhulumiwa (4:149): yeye ana ruhusa ya kupiga kelele. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kumwambia mtu aliyetoka katika chumba cha kifo, “Samehe, usahau, usiseme sana.” Anthony Ray Hinton wa Alabama, aliyekamatwa mwaka 1985 na kutoka Aprili 2015, amesema kwamba amewasamehe waliomfunga. Huo ni ukarimu wake. Lakini amezunguka nchi nzima akieleza walichomfanyia, tena kwa majina, na hilo nalo ni haki yake. Mambo mawili hayo hayagombani.

Huko Louisiana mtu aitwaye Glenn Ford alitoka Machi 2014 baada ya miaka 30, karibu yote katika chumba cha waliohukumiwa kufa. Alipewa kadi yenye dola 20. Ugonjwa wa saratani ulikuwa umekwisha kumwingia mapafuni. Aliomba fidia, mahakama ikamnyima. Mwendesha mashitaka aliyempatia hukumu ya kifo, Marty Stroud, aliandika gazetini mwaka 2015 akikiri kwamba wakati ule alitaka kushinda kuliko alivyotaka haki, akamwomba Ford msamaha. Ford alifariki Juni mwaka huo huo. Dola 20 kwa miaka 30! Mwenye duka anayemrudishia mteja chenji pungufu huona haya zaidi.

Nisije nikadhaniwa kwamba naona boriti katika macho ya Wamarekani na Wajapani tu. Mwanamke Mkristo wa Pakistani, Asia Bibi, alihukumiwa kufa mwaka 2010 kwa shitaka la kumtukana Mtume s.a.w. Watu wawili wakubwa wa serikali waliomtetea, gavana na waziri, waliuawa mwaka 2011. Tarehe 31 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimwachilia, ikaona ushahidi haukusimama. Je, alikwenda nyumbani? Hakwenda. Watu walijaa barabarani wakidai auawe, naye alifichwa, na mwaka 2019 akahamia Kanada. Mahakama ilimtakasa, mtaa ukakataa. Na waliokataa walijiita wapenzi wa Mtume s.a.w.

Wangeisoma Sura An-Nisa wangejua. Wafasiri wanasimulia kwamba huko Madina deraya iliibiwa, na jamaa za mwizi, ambao walihesabiwa kuwa Waislamu, wakamtupia hatia Myahudi, wakaja kwa wingi kumtetea mtu wao. Zikashuka aya (4:106-113) zikimwonya Mtume s.a.w. asiwe mtetezi wa makhaini, na zikieleza kwamba anayefanya dhambi kisha akamsingizia asiyekosa amejitwika uzushi na dhambi iliyo wazi. Aya hizo zimo katika Kurani hadi leo, zikisomwa katika Sala, kwa ajili ya kumtakasa Myahudi mmoja ambaye kabila lake halikuwa rafiki wa Waislamu.

Msomaji aliyeingia karibuni katika Islam huenda akasema: mimi si hakimu wala si rais, yanihusu nini? Yakuhusu tangu siku ile utakapoitwa ushahidi, au utakaposikia sokoni kwamba fulani “lazima alifanya kitu, moshi hautoki bila moto.” Yakuhusu zaidi mtu wa namna hiyo atakaporudi mtaani kwenu. Maana waliotoka wanasimulia jambo moja: serikali huufungua mlango wa jela, lakini milango inayobaki iko mikononi mwa majirani. Ni nani atakayempa kazi mtu mwenye miaka 30 isiyoelezeka? Ni nani atakayempangisha chumba? Yusufu a.s. mwenyewe, alipokwisha kutakaswa, aliomba kazi (12:56), naye akapewa hazina ya nchi nzima, aliyokuwa jana mfungwa. Mfalme yule hakuwa mwamini, lakini alijua kwamba kumtakasa mtu kisha ukamwogopa ni kutomtakasa.

Hinton alikuwa na rafiki wa tangu utotoni ambaye miaka yote ile, karibu thelathini, alikuwa akienda kumtembelea gerezani, ingawa ni safari ya saa kadhaa kwa gari. Mama yake Hinton alifariki mwaka 2002 bila kumwona mwanawe huru. Rafiki akaendelea kuja. Siku ya kutoka, ni yeye aliyempeleka nyumbani kwake, akampa chumba na kitanda. Usiku ule Hinton hakuweza kulala, chumba kilikuwa kikubwa mno. Aliinuka akaenda bafuni, kwa kuwa ukubwa wake ulikuwa karibu sawa na ule wa chumba chake cha gerezani, akalala juu ya sakafu.